Kompyuta Kuukuu na Mfumo Huria: Faida na Hasara

(MUZIKI WA KIPINDI UNASIKIKA, KISHA UNAFIFIA)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia kompyuta kuukuu: ile uliyopewa msaada, au ile ambayo kikundi chenu kimechangia ili mfungue duka la kuchapa barua.

Mizigo mingi ya Uganda hushushwa Mombasa, ikavuka mpaka Malaba au Busia. Ukinunua kompyuta iliyotumika Iyolwa, wilayani Tororo, au ukiipata kambini, swali ni lile lile: ndani yake mna mfumo gani?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoziendesha programu nyingine zote. Wengi wetu tunaijua Windows. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Wengine hukimbilia nakala za wizi, ambazo mara nyingi huja na virusi.

Ipo njia nyingine: mfumo huria. Huu unaruhusiwa kuutumia, kuunakili na kumgawia jirani bila kununua leseni. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, ni wa aina hiyo. Hata simu yako ya Android imejengwa juu ya Linux.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Faida zake ni zipi? Kwanza, ni bure. Pili, matoleo mepesi kama Linux Mint Xfce hufanya kazi kwenye RAM ya giga 2, ingawa 4 ni afadhali. Tatu, virusi vingi vinavyosambazwa kwa flashi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo havikusumbui sana.

Na hasara? Mafundi wengi wa mitaani hawaijui Linux. Ikikwama, huenda ukakosa wa kukusaidia. Baadhi ya printa hazikubali. Microsoft Office ya kawaida haiingii. Utatumia LibreOffice, na barua iliyoandikwa humo inaweza kuvurugika mpangilio ikifunguliwa kwenye Word. Ukituma maombi ya kazi au ya shule, ihifadhi kama PDF kwanza. Tena, kupakua mfumo hula bando: ni giga kadhaa. Afadhali mmoja apakue, wengine wanakili.

Basi usifute chochote leo. Mwombe anayejua aiweke Linux kwenye flashi, kisha uwashe kompyuta kwa flashi hiyo. Utaujaribu mfumo bila kugusa mafaili yako. Jaribu printa, sauti, intaneti, na ile programu ambayo kazi yako inaitegemea. Vikikubali vyote, nakili mafaili yako mahali salama, ndipo uusimike. Kimoja muhimu kikikataa, baki ulipo kwa sasa.

Kwaheri msikilizaji, hadi kipindi kijacho.

(MUZIKI WA KUFUNGA)