Wati 5000 zilivyoniaibisha mbele ya mzee wa Newala

Wadau, leo nawapa somo lililonigharimu hela na heshima. Wauza redio, sabufa na vifaa vya umeme, hili lenu kabisa.

Nina kaduka Masasi mjini. Mwaka juzi mwezi wa kumi na mbili, hela ya korosho imeshaingia, akashuka mzee mmoja kutoka Newala. Anatafuta amplifaya ya redio ya nyumbani. Spika anazo, kubwa za mbao za zamani. Anamtoa mjukuu wake unyagoni, anataka wageni wasikie muziki.

Nilikuwa na mashine mbili. Moja yutumba, nzito, imeandikwa wati 60 kila upande, bei laki mbili. Nyingine mpya, ina taa za rangi na bluetooth, boksi linasema wati 5000. Hiyo laki mbili na elfu themanini.

Nikamsikilizisha zote. Ile yutumba niliifunga kwenye vispika vidogo vya dukani. Mpya nikaifunga kwenye spika kubwa, nikazungusha besi hadi mwisho. Unajua ipi ilishinda. Mzee akalipa, akapanda gari.

Wiki mbili baadaye karudi, mashine kaifunga kwenye gunia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, siku ile ulinisikilizisha nini?"

Twita za spika zote mbili zimeungua, katikati ya sherehe, wageni wamejaa uwanjani. Nakiri, neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa "mzee, ni umeme wa huko kwenu." Nikalimeza. Nikamwambia akae, tupime upya, safari hii kwa haki.

Tulifanya hivi, na wewe fanya hivi:

1. Spika zilezile, wimbo uleule, simu ileile. Ukibadilisha mashine na spika kwa pamoja, hujalinganisha kitu. Zima umeme kabla ya kuhamisha waya, zikigusana unaunguza mashine.

2. Vifundo vya besi na treble weka katikati kwenye zote mbili.

3. Sawazisha sauti. Hili ndilo kubwa. Sikio la mtu hupenda kinacholia zaidi, hata kwa tofauti ndogo tu, na linadhani ndicho kizuri. Weka simu yenye programu ya kupima desibeli pale anapokaa mteja, rekebisha hadi zote zisome namba moja.

4. Mteja ageuke, asione ipi inalia.

Kwa sauti ya sebuleni mzee alishindwa kuzitofautisha. Mimi pia. Msishangae. Kule Marekani Richard Clark, mtu wa muziki wa magari, aliweka dola 10,000 kwa atakayetofautisha amplifaya mbili zilizosawazishwa sauti na zisizozidishwa nguvu. Wengi walijaribu, wakashindwa.

Tofauti ilitokea tulipopandisha. Ile ya taa ikaanza kukwaruza mapema, ya yutumba ikaendelea safi. Mashine ikizidiwa, wimbi la sauti linakatwa kichwa na twita inapokea joto isiloliweza. Ndiyo maana mashine ndogo huunguza spika kubwa.

Kisha mzee akazigeuza, akasoma nyuma. Ya yutumba inakula umeme wati 180. Ya taa, wati 50. Akaniuliza taratibu, "Wati 5000 zinatoka wapi kwenye kitu kinachokula 50?"

Sikuwa na jibu. Wati za boksi, hasa zile za PMPO, ni za kuvutia macho. Tafuta zilizoandikwa RMS, na usome matumizi ya umeme nyuma. Jua pia kuwa wati zikiongezeka mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu. Ili sikio lisikie imekuwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi.

Nilimpa ile yutumba, nikamrudishia elfu themanini, nikanunua twita mbili kwa elfu thelathini. Sherehe yake sikuweza kumrudishia.

Ile ya taa haikuwa mbovu. Nilimuuzia dada wa saluni kwa laki mbili, nikamwambia ukweli: hii ni ya chumba na spika ndogo. Inalia hadi leo. Kosa lilikuwa langu, niliiuza kwa kazi isiyo yake.

Msimu uliofuata alikuja kijana kutoka Newala. Kabla hata ya kuuliza bei akasema, "Mzee kaniambia tuzisikilize kwa sauti moja." Nikavuta kiti.

Wewe dukani kwako, bidhaa mbili unamlinganishia mteja kwa haki, au unamwongezea besi? Tuambie hapo chini.