Mwenye waya hugeuka mwenye nyumba

Ziko kampuni kubwa ambazo chimbuko lake husimuliwa kama ngano. Kisa cha Comcast ya Marekani hakihitaji kutiwa chumvi. Mnamo 1963, Ralph Roberts, mfanyabiashara wa Philadelphia aliyekuwa ameuza kiwanda chake cha mishipi, alinunua kampuni ya televisheni ya kebo katika mji wa Tupelo, jimbo la Mississippi, kwa dola 500,000. Wateja walikuwa 1,200 tu. Bidhaa yenyewe haikuwa hata yao. Kampuni za aina hiyo zilisimamisha antena ndefu, zikanasa matangazo ya stesheni za mbali, kisha zikayasambaza kwa waya hadi sebuleni mwa watu ambao antena zao za paani hazikuwapa picha ya kutazamika.

Jina la Comcast lilianza kutumika 1969, na 1972 hisa zikauzwa kwa umma. Tangu hapo kampuni hiyo ilikua kwa kumeza nyingine. Mwaka wa 2002 iliinunua idara ya kebo ya AT&T, ikawa na wateja zaidi ya milioni 21 na kuwapita washindani wake wote nchini humo. Mwaka wa 2011 ilichukua usukani wa NBCUniversal kutoka kwa General Electric, na 2018 ikavuka bahari na kuinyakua Sky ya Uingereza. Mtoto wa Roberts, Brian, ndiye aliyekuwa akiiongoza.

Msomaji huenda akauliza, siri ya ustawi huu ilikuwa nini? Wengi watajibu kuwa ni filamu na kandanda. Mimi nasema ni waya. Kutandaza waya katika mtaa mzima ni gharama kubwa mno, lakini ukishautandaza, kuiunganisha nyumba moja zaidi ni kazi rahisi. Anayekuja wa pili hulazimika kuingia gharama ile ile ili kugombea wateja wale wale, na aghalabu haji. Isitoshe, mabaraza ya miji mingi ya Marekani yalitoa kibali kwa kampuni moja pekee. Mteja akichukizwa na ada, alikuwa na hiari ya kulipa au kuzima televisheni. Hapana shaka wenye benki huipenda biashara kama hiyo.

Wamarekani walichelewa kuzinduka. Sheria ya 1992 ndiyo iliyoyakataza mabaraza kutoa vibali vya kampuni moja tu. Ilibidi kungoja hadi 2007 kabla ya halmashauri yao ya mawasiliano kupiga marufuku mikataba iliyoipa kampuni moja ya kebo haki ya kuhudumia jumba zima la makazi. Mwaka huo huo Comcast iligunduliwa ikizuia mawasiliano ya wateja wake wa intaneti waliotumia BitTorrent. Halmashauri iliikemea 2008, lakini mahakama ikaibatilisha amri hiyo 2010.

La ajabu ni kwamba televisheni yenyewe imeanza kuikimbia kampuni hii. Kufikia mwisho wa 2024, wateja wake wa televisheni walikuwa wamepungua hadi takriban milioni 12.5, na Novemba mwaka huo ilitangaza kwamba ingezitenga chaneli zake nyingi za kebo ziwe kampuni nyingine. Hata hivyo, wateja wa intaneti walikuwa zaidi ya milioni 31. Picha zilikwenda, waya ukabaki.

Nayaeleza haya kwa sababu sisi nasi tumo katika kutandaziwa. Tangu nyaya za chini ya bahari zifike Mombasa mwaka wa 2009, nguzo za stima katika mitaa ya Nairobi zimebeba nyaya za kila kampuni, na mashindano hayo yameleta nafuu. Lakini nafuu hiyo huishia langoni. Katika jumba ninamoishi, mwenye nyumba ameiruhusu kampuni moja tu. Waya wa mshindani wake unapita ng'ambo ya barabara, naweza kuuona kutoka dirishani. Intaneti ilipokatika kwa siku tisa, msimamizi wa jumba aliniambia kwa upole kwamba wengine hawaruhusiwi kuingia. Nilipouliza ni kwa nini, alinielekeza kwa wakala wa nyumba, naye wakala akanielekeza kwa mwenyewe, ambaye hapokei simu.

Mikataba ya namna hii hutiwa sahihi faraghani, na mpangaji, ambaye ndiye mlipaji, haonyeshwi hata karatasi. Mamlaka ya Mawasiliano ina wajibu wa kuwataka wenye majumba waianike. Kila mpangaji aambiwe, kabla ya kulipa kodi ya kwanza, ni kampuni ngapi zinazoruhusiwa kuingiza waya humo, na iwapo ni moja, mwenye nyumba hulipwa nini kwa kuwafungia nje wengine. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, mwalimu anayefunza wanafunzi wake wa jioni kwa intaneti, amekwisha kutoa ilani ya kuhama.