Munyu, Magadi na Presha

Siku ya soko Chwele, asubuhi na mapema, mafungu ya mrenda, saga, managu na majani ya kunde huwa yamekwisha kupangwa juu ya magunia, umande haujakauka. Kando yake kuna ndizi za kupika, parachichi, viazi vitamu na maharagwe kutoka mashamba yaliyo chini ya Mlima Elgon. Mtaalamu wa lishe akiulizwa moyo unapenda chakula gani, atataja vingi vya humo sokoni. Na bado presha imeingia katika nyumba zinazokula mboga hizo kila jioni. Sisi tunaoketi kliniki tunawaona: mama aliyevimba miguu, mzee asiyeweza kulala bila mito mitatu, mwalimu aliyepooza upande mmoja kabla hajastaafu.

Magonjwa ya moyo si namna moja. Wapo vijana ambao vali za moyo ziliharibika kwa sababu ya ugonjwa wa koo wa utotoni ambao haukutibiwa sawasawa. Hao chakula hakikuwakosea. Lakini kwa watu wazima wa huku kwetu, mlango mkuu ni shinikizo la damu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha iliyopanda, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Haikuwa hivi tangu jadi. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu kazi yake katika hospitali ya South Kavirondo, upande wa Kisii. Katika muda wa miaka kama miwili, kati ya wagonjwa 1,800 waliolazwa hapo, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Mtu anaweza kusema vipimo vya zamani havikuwa kamili, au kwamba wazee walikuwa wachache wodini. Ndiyo maana nauthamini zaidi utafiti uliochapishwa mwaka 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Watafiti, wakiongozwa na Neil Poulter, waliwafuata Waluo waliotoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Ndani ya miezi michache tu presha ya wahamiaji ilikuwa imepanda kuliko ya wale wa kijijini. Mkojo wao ulieleza sehemu kubwa ya kisa: sodiamu ilikuwa imeongezeka na potasiamu imepungua. Damu ya ukoo ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maisha, na sufuria.

Sodiamu ndiyo sehemu ya chumvi inayovuta maji. Ikizidi, figo huchelewa kuitoa, maji yanabaki mwilini, damu inajaa ndani ya mishipa na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mwaka baada ya mwaka kuta za moyo zinanenepa, kisha zinachoka. Potasiamu hufanya kinyume: huisaidia figo kuitoa sodiamu na huilegeza mishipa. Imejaa katika mboga za majani, maharagwe, ndizi, parachichi na viazi vitamu. Kwa hiyo kupunguza chumvi ni nusu ya kazi; nusu nyingine ni kula kwa wingi vyakula hivi vya shambani.

Sasa tuingie jikoni. Bibi zetu walichoma mabua na maganda makavu ya maharagwe, wakaweka majivu katika chombo chenye matundu, wakamimina maji juu yake na kukinga yale yaliyochuja, ya rangi ya kahawia. Huo ndio munyu wa kienyeji, musherekha, uliolainisha mrenda na kunde. Majivu ya mimea kwa kawaida yana potasiamu nyingi. Siku hizi nyumba nyingi hazina muda wa kuchoma maganda, zinatumia magadi, na magadi ni sodiamu. Juu ya magadi inatiwa chumvi, juu ya chumvi unamwagwa unga wa viungo wa pakiti, ambao nao una chumvi nyingi, na mezani mtu ananyunyiza tena kabla hajaonja. Mboga ni zile zile za Chwele, ila chungu kimebadilishwa kama kilivyobadilishwa cha wale waliohamia Nairobi, na hakuna aliyepanda basi.

Siwaambii watu wanywe munyu. Ukizidi huharibu baadhi ya vitamini za mboga, na mwenye ugonjwa wa figo asiutumie bila kumwuliza daktari, kwa kuwa potasiamu ikirundikana katika damu inaweza kusimamisha moyo. Lakini hoja ya kubadilishana madini haya imepimwa. Huko China, katika vijiji 600, watu wapatao 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wazee wenye presha walifuatiliwa kwa karibu miaka mitano. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu. Matokeo yalitoka mwaka 2021: kiharusi kilipungua kwa asilimia 14, kwa kugeuza kilichomo ndani ya kikopo cha chumvi tu.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo katika mkate na viungo. Jaribuni hivi nyumbani: andikeni tarehe juu ya pakiti ya nusu kilo siku mnayoifungua. Familia ya watu sita ikiimaliza kabla ya wiki mbili, inakula kupita kiasi, hasa kama kuna watoto wadogo, ambao wanahitaji pungufu ya hapo. Endeleeni kununua yenye madini ya joto. Punguzeni kipimo tu. Ulimi huzoea baada ya wiki chache, na limau, kitunguu, dania na maziwa huufariji.

Mengine nayataja kwa kifupi. Sigara huumiza mishipa hata ikiwa mbili kwa siku. Pombe nyingi, iwe chang'aa au bia, hupandisha presha na kudhoofisha msuli wa moyo. Mafuta yaliyokaangia chipsi na mandazi tangu juzi yamwagwe. Bodaboda imetuondolea mwendo ambao wazazi wetu waliupata bila kuutafuta. Kutembea nusu saa kwa haraka, siku tano kwa wiki, kunatosha kuanzia.

Linaloniuma zaidi ni dawa kuachwa. Mtu anapewa vidonge, presha inashuka, anajisikia vizuri, anaacha, na miezi michache baadaye tunaletewa akiwa hawezi kusema. Presha haiumi, na kichwa kutouma si kipimo. Ilishuka kwa sababu ya kidonge. Ukitaka kupunguziwa dozi, rudi kliniki ukiwa umepunguza chumvi na uzito, tupime pamoja.

Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini wamepewa mikoba yenye mashine ya presha. Wa kijiji chako akibisha hodi, kaa kwanza dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, mwombe arudie siku nyingine. Ikibaki hapo, nenda kituo cha afya wiki hiyo hiyo, na yule anayekupikia aende nawe.