Tumbo Lililovimba Halingoji: Yanayopasa Kujulikana Kuhusu Upasuaji wa Kuondoa Utumbo Mpana

Mkulima wa makamo anarudi kutoka shambani jioni, tumbo limemjaa na linamsokota. Hajapata choo tangu jana, wala hewa haitoki. Nyumbani wanakubaliana kuwa ni chango, au ngiri imempanda. Anachemshiwa mizizi anywe, na kesho yake, tumbo likiwa halijashuka, anapigwa bomba la dawa. Siku ya tatu ndipo anapakiwa kwenye bodaboda kupelekwa zahanati, tumbo limekaza kama ngoma.

Safari ya namna hii si ngeni katika vijiji vya Kibondo na Kasulu, na gharama yake hulipwa kwa utumbo wenyewe. Utumbo ambao siku ya kwanza ungeweza kufunguliwa kwa mrija, siku ya tatu hukutwa umekufa na kulazimika kukatwa.

Utumbo unavyojisokota

Utumbo mpana una urefu wa takriban mita 1.5. Kazi yake kubwa ni kufyonza maji na chumvi, na kukitunza kinyesi hadi wakati wa haja. Chakula chenyewe humeng'enywa na kufyonzwa katika utumbo mwembamba, ambao ni mrefu mara kadhaa zaidi. Kwa sababu hiyo binadamu anaweza kuishi miaka mingi baada ya kuondolewa sehemu ya utumbo mpana, au hata wote. Ndugu wa wagonjwa huuliza kwa hofu, "Atakulaje bila utumbo?" Jibu ni kwamba atakula, na kile alacho kitamfaa mwilini.

Sehemu ya chini ya utumbo huu, iliyo karibu na njia ya haja kubwa, hupinda kama kitanzi. Wataalamu huiita sigmoidi. Kwa baadhi ya watu kitanzi hicho ni kirefu na shina lake ni jembamba, hivyo huweza kujizungusha kama kamba ya ndoo inavyojikunja kisimani. Kikishajisokota, hewa na kinyesi hukosa njia ya kutoka, tumbo huvimba, na mishipa ya damu inayopita katika shina hubanwa. Utumbo uliokosa damu hufa kwa muda wa saa, si wa siku. Ukishakufa hutoboka, uchafu humwagika ndani ya tumbo, na hapo uhai wa mgonjwa huwa hatarini.

Ugonjwa huu hutokea zaidi Afrika kuliko Ulaya, na hapa kwetu huwapata hasa wanaume wenye umri wa kufanya kazi. Wataalamu huuhusisha na urefu wa sigmoidi na mlo wenye makapi mengi. Hata hivyo, mlo wa makapi una faida zake nyingi kiafya, na hakuna sababu ya mtu kuacha maharage na mboga kwa hofu hiyo. Kinachotakiwa ni kuzitambua dalili: tumbo kuvimba kwa haraka, maumivu ya kusokota, kukosa choo na kukosa hata hewa. Kutapika huweza kuchelewa kuanza, na wengi hudanganyika kwamba maadamu mgonjwa hatapiki basi hali si mbaya. Kwa mama mjamzito ukubwa wa mimba huweza kuuficha uvimbe, hivyo anayekosa choo na hewa huku akiumwa tumbo hana budi kuonwa na daktari siku hiyo hiyo.

Mgonjwa akiwahi, daktari huweza kupitisha mrija kwenye njia ya haja kubwa, hewa ikatoka kwa kishindo na tumbo likashuka papo hapo. Nafuu hiyo huwafurahisha wengi kiasi cha kuomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Ni kosa. Kitanzi kilichojisokota mara moja kina tabia ya kujisokota tena, na safari ya pili huenda mgonjwa asiwahi. Daktari akishauri sehemu hiyo iondolewe kwa upasuaji uliopangwa, wakati mgonjwa ana nguvu, ushauri huo ni wa kukubaliwa.

Zipo sababu nyingine za kuondoa utumbo mpana, na kubwa miongoni mwake ni saratani. Damu kwenye choo, choo kubadilika kwa wiki kadhaa, kupungua uzito na upungufu wa damu usioelezeka ni dalili zinazostahili uchunguzi, hasa kwa mtu aliyevuka miaka 40. Tatizo ni kwamba damu hiyo hupewa majina mengi: bawasiri, amiba, minyoo, kichocho. Huenda kweli ikawa mojawapo. Lakini mtu aliyekwisha kutibiwa maradhi hayo mara mbili na damu ikaendelea, asikubali kutibiwa mara ya tatu bila daktari kumpima kwa kidole na kumtazama ndani kwa kifaa.

Kabla ya kisu

Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya cha kata. Huko mgonjwa huwekewa dripu, hupitishiwa mrija puani wa kulipunguzia tumbo mzigo, na kuandikiwa barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Kwa wakazi wa Kasulu ipo pia Hospitali ya Kabanga ya Kanisa Katoliki. Yanayohitaji utaalamu zaidi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni mjini Kigoma, au Hospitali ya Bugando mjini Mwanza. Kutoka Kibondo hadi Kigoma mjini ni zaidi ya kilomita 200, na umbali huo ni sababu tosha ya kutoupoteza usiku wa kwanza kwa mizizi.

Njiani mgonjwa asipewe chakula, kinywaji wala dawa ya kuharisha. Tumbo lililojaa huweza kumfanya atapike akiwa usingizini na matapishi yakaingia mapafuni, na dawa ya kuharisha huusukuma utumbo ambao tayari umefungwa. Kama alikwisha kunywa dawa ya kienyeji, daktari aelezwe bila kuona haya. Daktari haulizi ili kulaumu; anahitaji kujua kilichomo mwilini kabla ya kumlaza mtu kwa nusukaputi. Aelezwe vilevile kuhusu dawa za shinikizo la damu, kisukari, kifafa au kufubaza VVU, ambazo mara nyingi mgonjwa huzificha mbele ya ndugu. Mwenye siri ana haki ya kuomba kuzungumza na daktari faraghani.

Inafaa mgonjwa asindikizwe na watu wawili wenye afya njema, wenye umri wa miaka 18 au zaidi na uzito usiopungua kilo 50, walio tayari kuchangia damu. Damu haiuzwi. Anayetakiwa kulipa fedha kwa ajili ya chupa ya damu atoe taarifa kwa uongozi wa hospitali. Wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya msamaha wa gharama, na jambo hilo hushughulikiwa na Ofisa Ustawi wa Jamii wa hospitali. Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji hurahisisha kazi hiyo.

Kisha huletwa fomu ya ridhaa. Kutia saini si kuiachilia hospitali ifanye ipendavyo. Ni kuthibitisha kwamba mgonjwa ameelezwa na ameelewa. Basi na aelezwe. Sehemu gani itaondolewa? Utumbo utaungwa papo hapo, au kinyesi kitatolewa tumboni kwa muda? Hatari ni zipi, na asipopasuliwa itakuwaje? Wazee wengi huelewa Kiha vizuri zaidi kuliko Kiswahili cha hospitali, kwa hiyo ni busara awepo ndugu wa kufasiri neno kwa neno, si wa kufupisha.

Njia ya haja tumboni

Katika upasuaji, sehemu iliyokufa au yenye ugonjwa hukatwa na kuondolewa. Ikiwa utumbo uliobaki ni mzima, na mgonjwa hajadhoofika sana, ncha mbili huungwa kwa uzi. Ikiwa tumbo limechafuka, au presha ya mgonjwa imeshuka, kiungo hicho huweza kuachia. Hapo daktari huchagua njia ya usalama: ncha ya juu hutolewa nje kupitia ukuta wa tumbo, upande wa kushoto, na kinyesi hupitia hapo kuingia kwenye mfuko. Ncha ya chini hufungwa na kubaki ndani. Njia hii ilielezwa na daktari wa Ufaransa, Henri Hartmann, mwaka 1921, na hadi leo inaokoa maisha.

Hakuna sehemu ya matibabu haya inayoogopwa kama hii. Wapo wanaosema heri kufa. Wapo wanaojitenga chumbani wasiende tena kanisani, msikitini wala kwenye misiba. Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa haja ni jambo la faragha. Lakini ngozi ya mgonjwa ikitunzwa vizuri na mfuko ukikaa sawasawa, harufu hudhibitika na nguo huficha kila kitu. Mwenye njia hiyo huoga, husali, husafiri, na baada ya kupona hurudia hata maisha ya ndoa.

Nyama inayoonekana tumboni inatakiwa iwe nyekundu na yenye unyevu, kama ndani ya mdomo. Haina maumivu ikiguswa, na kuvuja damu kidogo wakati wa kuisafisha si ajabu. Ikigeuka nyeusi au zambarau, au ikizama ndani, mgonjwa arudishwe hospitali bila kuchelewa. Kuisafisha kunahitaji maji safi na kitambaa laini, basi. Si spiriti wala majani ya kusaga. Ngozi ya pembeni ikaushwe kabla ya kubandika mfuko, na mfuko umwagwe ukifika theluthi moja, kabla haujavutwa na uzito wake.

Mifuko hiyo haipatikani katika kila duka la dawa. Kwa hiyo, kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, mgonjwa amwulize muuguzi mambo matatu: ameandaliwa mifuko mingapi, mingine itapatikana wapi, na ikiisha afanye nini kwa muda. Amwombe pia amtazame akiubadilisha mwenyewe, mara mbili au tatu. Mke au mume afundishwe siku hiyo hiyo, asije akakabidhiwa kazi hiyo gizani kijijini.

Kurudi kwenye nguvu

Siku ya kwanza baada ya upasuaji wauguzi humtaka mgonjwa akae, apumue kwa kina na kujaribu hatua chache. Ndugu huona huo ni ukatili. Kumbe kulala tu hukusanya makohozi mapafuni na kugandisha damu miguuni. Mshono hautafumuka kwa kutembea. Akikohoa aukandamize kwa mto au khanga iliyokunjwa. Dawa ya maumivu aiombe mapema, maana anayeumwa sana hatembei.

Jambo moja huwachekesha wageni wa wodi ya upasuaji: daktari kila asubuhi humwuliza mzee wa watu kama ametoa hewa. Swali hilo halina utovu wa adabu. Hewa ndiyo habari njema ya kwanza kwamba utumbo umeamka. Kwa idhini ya daktari huanza maji, kisha uji, kisha ndizi laini, mayai na samaki. Ndugu wasimlishe kwa siri kwa kumwonea huruma.

Kati ya siku ya tatu na ya kumi ndipo kiungo cha utumbo kikiachia hujidhihirisha zaidi. Homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuvimba upya, kutapika, mapigo ya moyo kwenda mbio, au usaha kwenye mshono, vyote ni sababu ya kurudi hospitali iliyompasua mgonjwa, hata usiku. Mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikikatika ghafla, ni hivyo hivyo.

Nyumbani, mtu asiinue jembe, ndoo ya maji, mzigo wa kuni wala baiskeli yenye mkungu wa ndizi kwa wiki 6 hadi 8. Misuli ya tumbo ikilazimishwa kabla ya wakati huachana na kuleta ngiri kwenye kovu. Agizo hili ni gumu kwa kaya za wakulima. Aliyepasuliwa mwezi Septemba ataikuta mvua ya kupanda akiwa bado hajaruhusiwa kushika jembe, na kaya isiyojipanga hulipia upasuaji huo mara mbili, hospitalini na ghalani. Mazungumzo na majirani kuhusu shamba yafanyike wakati mgonjwa angali wodini.

Wiki za mwanzo choo huweza kuwa chepesi na cha mara nyingi. Maji ya kunywa yaongezwe, na chumvi isisahaulike, hasa kwa aliyeondolewa utumbo mpana wote. Maharage na kabichi huongeza hewa. Virudishwe kidogo kidogo, kila mtu akijipima mwenyewe.

Yamebaki mambo mawili ambayo wengi huyaacha njiani. La kwanza ni majibu ya kipande kilichokatwa. Pale daktari anapokituma maabara kutafuta saratani, majibu huweza kuchukua wiki, na mgonjwa aliyekwisha kupona kidonda huona hana haja ya kuyafuata. Ayafuate, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayoamua kama anahitaji dawa zaidi. La pili ni kuurudisha utumbo ndani. Kwa walio wengi waliotolewa njia ya haja tumboni kwa sababu ya utumbo kujisokota, njia hiyo ni ya muda, na upasuaji wa kuiunga upya hupangwa kuanzia miezi 3 hivi, mwili ukishapata nguvu. Tarehe ya kliniki huandikwa kwenye karatasi ya ruhusa. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na kadi ya bima, ionyeshwe kila anapokwenda kutibiwa, na mhudumu wa afya wa kijiji apewe tarehe hiyo ili naye aikumbuke.