Masoro: Kilima Kilichobadilisha Jembe kwa Mashine

Kilima cha Masoro kipo katika sekta ya Ndera, wilaya ya Gasabo, kaskazini mwa uwanja wa ndege wa Kanombe. Kama vilima vingine vya Kigali, kimeinuka zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo hakuna joto kali, ijapokuwa Ikweta haiko mbali. Mvua hunyesha tangu Machi hadi Mei, kisha tangu Septemba hadi Desemba. Misimu hiyo miwili ndiyo iliyowapangia wenyeji kazi ya kulima maharage, mtama, viazi vitamu na migomba.

Mjerumani Richard Kandt alipojenga kituo chake Kigali mwaka 1907, Masoro ilikuwa mashamba matupu. Hata Rwanda ilipojitawala tarehe 1 Julai 1962, mji ulikuwa na watu wapatao 6,000 tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.7.

Historia ya sekta hii ina jeraha pia. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia hospitali ya Ndera wakitafuta hifadhi waliuawa humo.

Leo Masoro ni eneo maalumu la viwanda. Magari ya Volkswagen yalianza kuunganishwa hapo mwaka 2018, na ujenzi wa kiwanda cha chanjo cha BioNTech ulianza mwaka 2022. Vijana wamepata ajira na ujuzi. Hata hivyo, kiwanda hakijengwi hewani. Pale penye mashine palikuwa na migomba ya mtu, na jamaa zilizoishi jirani miaka mingi zililazimika kutawanyika.

Sheria ya mwaka 2015 inaagiza kwamba anayehamishwa kwa manufaa ya umma alipwe thamani ya ardhi, nyumba na mazao, pamoja na asilimia 5 ya fidia ya usumbufu, katika muda wa siku 120 baada ya malipo kuidhinishwa. Haki hiyo huhitaji ushahidi, nao ushahidi ni hati ya ardhi.

Hivyo basi, askari anayekwenda kulinda amani ng'ambo ahakikishe kwamba hati imeandikwa jina lake na la mkewe, na kwamba mama watoto anajua ilipowekwa. Mji unaendelea kupanda vilima; heri utukute tumejiandaa.