Kabla hujaingia pangoni Chyulu

JE, wewe na marafiki zako mmechoshwa na kelele za jiji? Huenda mmewaza kutumia Jumamosi moja kuzuru mapango ya Milima ya Chyulu, Kaunti ya Makueni. Ni safari ya siku moja kwa anayedamka mapema: unafuata barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, inapochepuka barabara ya Ikutha na Kitui, kisha unapata kibali na mwelekezi kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Nchi hiyo ni kazi ya volkano. Uwanda wa Yatta, ulio kati ya Kibwezi na Ikutha, ni lava iliyotiririka kwa takriban kilomita 300. Chyulu ni changa zaidi, na ililipuka hata katika karne ya 19. Lava ilipotiririka, ya juu iliganda huku ya ndani ikiendelea kwenda, ikaacha handaki tupu. Pango moja la huko, Leviathan, lina urefu wa zaidi ya kilomita 11.

Mazoezi ya kutembea ni dawa nzuri kwa moyo na akili. Lakini pango lina masharti yake.

Mavazi na maji

Mawe ya lava hukata kama kioo, kwa hivyo vaa buti, suruali ndefu, glavu na kofia ngumu. Kila mtu abebe tochi mbili na betri za akiba. Beba maji ya kutosha, kwani Chyulu haina mito juu ya ardhi. Mvua huzama ndani ya mawe na kutokea mbali, Mzima Springs. Msiingie chini ya watu watatu, na mwacheni mtu nje anayejua saa yenu ya kurudi. Ukianza kuhema au kuumwa kichwa ndani, toka mara moja; huenda hewa ni mbaya.

Usiguse popo

Vinyesi vya popo vikikauka huwa vumbi lenye kuvu. Ukilivuta, unaweza kupata histoplasmosisi, ugonjwa wa mapafu unaoleta homa, kikohozi kikavu na maumivu ya kifua, na ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa kifua kikuu. Wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wasiingie mahali kama hapo.

Hatari kubwa zaidi ni virusi vya Marburg, vinavyobebwa na aina fulani ya popo wala matunda. Mwaka 1980 na tena 1987, watu wawili waliougua na kufariki humu nchini walikuwa wamezuru pango la Kitum, Mlima Elgon. Mlipuko wa Rwanda wa 2024, ulioua watu 15, ulihusishwa na pango la migodi lenye popo. Visa vya Kitum havikutokea Chyulu, lakini kanuni ni moja: pango lenye popo wengi, lipite. Popo akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali, kwani anaweza kuambukiza kichaa.

Ukirudi nyumbani

Hapa ndipo wengi hukosea. Homa ikija wiki ya pili, mtu hununua dawa za malaria dukani na kulala. Si kila homa ni malaria. Marburg hujitokeza kati ya siku 2 na 21, kwa homa kali ya ghafla, kuumwa na kichwa na misuli, kisha kuharisha na kutapika. Huambukiza kwa kugusa majimaji ya mgonjwa, hivyo anayekuuguza nyumbani ndiye atakayefuata.

Nenda hospitali upimwe malaria, lakini kwanza mwambie daktari, hata kama hajakuuliza: “Nilikuwa pangoni.” Andika tarehe ya safari kwenye kalenda, uhesabu siku 21, na uwajulie hali wenzako wote mliokwenda nao.