Sura ya Tisa: Kukimbia Wakati wa Kipupwe

Ikifika Juni, wakimbiaji wa Nyanda za Juu Kusini hupotea barabarani. Ukiwauliza, wengi wanakupa jibu moja: wanaogopa nimonia. Jibu hilo nimelisikia Njombe, Mafinga na Mbeya, kwa mafundi seremala na kwa walimu wenye shahada, na sura hii nimeiandika kwa sababu yake.

Nimonia hailetwi na ubaridi wa hewa. Ni ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na vijidudu, yaani bakteria, virusi na mara chache fangasi. Kama baridi peke yake ingetosha, Dar es Salaam na Tanga zisingeujua ugonjwa huu, lakini watoto wa huko wanalazwa kwa nimonia hata Januari, joto likiwa kali. Kinachobadilika wakati wa kipupwe ni maisha yetu ya ndani. Madirisha yanafungwa, familia nzima inakaa chumba kimoja, daladala inapandishwa vioo, na mmoja akikohoa wote wanavuta hewa ileile. Mtu anayekimbia peke yake alfajiri kandokando ya mashamba ya chai yuko salama zaidi na vijidudu hivyo kuliko abiria waliobanana ndani ya gari lililofungwa.

Mapafu nayo hayagandi. Hewa ya nyuzijoto 5 ikipita puani na kooni hupashwa na kutiwa unyevu, hata ikifika ndani kabisa inakuwa na joto la mwili. Ule mwasho kooni mtu anaousikia dakika za mwanzo ni ukavu. Hewa baridi ina mvuke mdogo, kwa hiyo koo na mirija hutoa maji yake kuilainisha. Funika mdomo kwa leso nyepesi kilomita ya kwanza, mwasho utapungua. Mwenye pumu ndiye wa kuchukua tahadhari ya kweli, maana ukavu huo unaweza kubana mirija yake. Aanze taratibu sana, na dawa ya kuvuta iwe mfukoni.

Nilipanga sura hii iende kwa utaratibu: mavazi, kisha giza, kisha ratiba ya wiki. Lakini mavazi hayaeleweki kabla ya kuelewa mwili unavyopoteza joto, na hapo siwezi kuipita Boston Marathon ya 2018.

Ilikuwa Aprili 16. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, joto lilikuwa kama nyuzi 4, na upepo mkali uliwapiga wakimbiaji usoni. Geoffrey Kirui wa Kenya ndiye aliyekuwa bingwa mtetezi, na mwaka uliotangulia alikuwa ametwaa pia ubingwa wa dunia kule London. Aliongoza kwa muda mrefu, akiwa na jaketi mwilini. Zikiwa zimebaki kama kilomita mbili, alipitwa na Yuki Kawauchi wa Japani, mtumishi wa serikali ya mkoa wa Saitama aliyekuwa akifanya mazoezi yake nje ya saa za kazi. Kawauchi alimaliza kwa saa 2:15:58. Kirui alifika wa pili kwa 2:18:23. Upande wa wanawake, Mamitu Daska wa Ethiopia aliongoza peke yake, kisha akaacha mbio. Ushindi ukaenda kwa Des Linden wa Marekani kwa 2:39:54, na wa pili akawa Sarah Sellers, muuguzi wa ganzi ambaye wapenzi wengi wa riadha hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake. Wakimbiaji wakubwa wengi hawakufika mwisho, Galen Rupp akiwa mmoja wao.

Nimewasikia watu wakisema siku ile ilithibitisha kwamba Mwafrika hakuumbwa kwa baridi. Upuuzi huu unanikera, kwa sababu unafuta somo lote la siku ile. Iten, mahali wanapofanyia mazoezi mabingwa wengi wa Kenya, kuna alfajiri za baridi kweli, nao wanazikimbia kila siku. Boston iliongeza vitu viwili juu ya baridi: maji na upepo. Maji huondoa joto mwilini kama mara 25 kuliko hewa tulivu ya ubaridi uleule. Hewa tulivu humwachia mkimbiaji tabaka jembamba la joto juu ya ngozi. Upepo hulipeperusha tabaka hilo kila linapojijenga, na nguo iliyolowa haina pa kulihifadhi.

Sasa angalia joto lenyewe linatoka wapi. Misuli inapofanya kazi, kama robo tu ya nishati ndiyo inayokuwa mwendo; iliyobaki huwa joto. Anayekimbia kwa kasi hujipasha kutoka ndani, na ndiyo maana marathoni nyingi za kasi hukimbiwa kwenye hewa ya karibu nyuzi 10, ambayo sisi tungevalia sweta. Lakini kasi ikishuka, joto nalo hushuka. Misuli iliyopoa hujikunja polepole, mkimbiaji anazidi kupunguza mwendo, na joto linazidi kupungua. Mwembamba asiye na mafuta chini ya ngozi huingia kwenye mzunguko huo mapema kuliko wengine. Kawauchi alikuwa amejizoeza. Januari 1 ya mwaka uleule alikimbia marathoni kule Marshfield, katika jimbo hilohilo la Massachusetts, kwenye baridi ya kama nyuzi 17 chini ya sifuri, akamaliza kwa 2:18:59. Baada ya ushindi wa Boston aliwaambia waandishi kwamba kwake hali ile ilikuwa bora kuliko zote.

Turudi Njombe. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kila mita 1,000 unazopanda. Kukiwa na nyuzi 20 alfajiri pwani, Njombe ni kama 8, na uwanda wa Kitulo, ulio juu zaidi, hupata sakitu. Kwa mtu anayekimbia, nyuzi 8 hazina tatizo. Tatizo linaanza amemaliza kupanda kilima, fulana imelowa jasho, akakutana na jirani, wakasimama kupiga soga huku upepo wa kusi unampiga mgongoni. Dakika kumi za hivyo zinampoza kuliko saa nzima ya kukimbia.

Kwa hiyo adui wa kwanza ni fulana ya pamba, kwa sababu hunywa jasho na kukaa nalo. Jezi ya mpira ya kawaida hukauka upesi, ivae ndani. Juu yake weka sweta jembamba la sufu kutoka mitumbani, kwani sufu huhifadhi joto hata ikilowa. Siku ya upepo ongeza jaketi jepesi lenye zipu, ulifungue unapopanda na kulifunga unaposhuka. Soksi kuukuu zilizovaliwa mikononi zinafanya kazi ya glavu. Ukitoka mlangoni usikie baridi kidogo. Ukitoka ukiwa na joto la kutosha, baada ya kilomita mbili utakuwa umelowa.

Na hapa lazima niseme habari ya yale makoti ya nailoni yanayouzwa kwa ahadi ya kukata kitambi. Hayakati chochote. Kilo moja inayopotea ni maji, nayo inarudi ukinywa. Mafuta ya mwili yanapochomwa hutoka zaidi kwa pumzi, yakiwa kaboni dioksidi, na jasho si kipimo chake. Wakati wa kipupwe koti hilo lina ubaya wa ziada, maana linakulowesha kutoka ndani, na ukisimama uko kama aliyenyeshewa. Mafuta ya kuchua yenye mentholi nayo yanasisimua neva za ngozi tu. Misuli inapashwa na kazi: dakika kumi za kutembea haraka, kisha mbio za taratibu.

Kuhusu giza, nakutana na watu wanaodai kwamba karibu na ikweta halibadiliki. Linabadilika. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao haugusi Tanzania kabisa; unapita Somalia. Njombe iko karibu na nyuzi 35, na kila nyuzi 15 ni saa moja, hivyo jua la huko liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika kama 40 mwaka mzima. Ongeza kwamba Julai mchana wa kusini mwa ikweta ni mfupi, na kwamba jua lenyewe huchelewa kufika utosini miezi hiyo, kwa sababu mhimili wa dunia umeinama na mwendo wake kulizunguka jua haulingani mwaka mzima. Matokeo yake, mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza Njombe muda mfupi baada ya saa 12 asubuhi, lakini katikati ya Julai linakaribia saa 1. Aliyezoea kutoka saa 11 na nusu sasa anakimbia gizani tupu, mara nyingi na ukungu juu yake.

Lakini machweo ya miezi hiyo miwili yanakaribiana mno, kama saa 12 na nusu jioni. Mabadiliko yote yameangukia asubuhi. Basi hamishia mbio za katikati ya wiki saa 10 au 11 jioni, wakati ardhi bado ina joto la mchana, na zile ndefu zisubiri Jumamosi saa 3 asubuhi.

Asiye na nafasi ila alfajiri akimbie upande wa kulia, magari yakimjia usoni, akiwa na tochi ya kichwani na kizibao cha kuakisi mwanga kama wanachovaa mafundi wa barabara. Lori la mbao linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, na dereva hatarajii kumkuta mtu kwenye ukungu. Wanawake hasa nawashauri wakimbie kwa kundi.

Ukifika nyumbani, vua kila kilicholowa kabla ya kitu kingine chochote. Kunywa maji hata kama huna kiu, kwa sababu baridi hupunguza kiu huku jasho na pumzi vikiendelea kuyatoa. Pombe haipashi, hupanua mishipa ya ngozi na kulitoa nje joto ulilokuwa nalo. Wala usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango ili upate joto. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayokamata nafasi ya oksijeni kwenye damu, na kwa gesi hiyo watu wamelala wasiamke. Chemsha maji ya kuoga uani, ingiza ndoo ndani, na jiko libaki nje mpaka majivu yapoe.